Mashine Isiyo na Mdomo

Ndolo aliichomoa kaseti, akaipuliza, akaifuta kwa upindo wa koti lake la kinyozi, akairudisha mdomoni mwa mashine. Televisheni ikaonyesha chenga tu. Akaichomoa tena. Nyuma yake wanaume waliokuwa wakingoja kunyolewa walianza kumpa ushauri, kila mmoja na wake, maana hakukuwa na mtu mjini Sultan Hamud siku hizo ambaye hakujiona fundi wa kaseti za gemu.

"Puliza kutoka kando," alisema Ndungu, fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara. "Wewe unapuliza ni kama unawasha jiko."

"Ni mate inaiharibu," mwingine akasema. "Hiyo ni ya kupanguswa na spiriti."

Ndolo akapuliza kutoka kando. Akaibonyeza, akaiinua kidogo, akaibonyeza tena kwa kidole gumba, na picha ikatulia: vifaru viwili vidogo vya vita, kuta za matofali, na ule wimbo mfupi ambao kila mtu mle ndani aliweza kuuimba usingizini. Wanaume wakatulia pia. Ndolo akawasha tena mashine ya kunyolea na kurudi kwenye kichwa alichokuwa amekiacha njiani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Aliyepita Sultan Hamud wakati huo atakumbuka malori yaliyopanga mstari kando ya barabara ya Mombasa, harufu ya breki zilizochoka na nyama inayochomwa, na madereva wakitembea polepole kunyoosha miguu. Duka la Ndolo lilikuwa katikati ya hayo yote, chumba kimoja chenye stima, kioo kirefu na benchi, na juu ya rafu televisheni ndogo iliyounganishwa na mashine ya gemu. Kunyoa ndiko kulikokuwa kazi yake. Lakini tuseme ukweli, watu wengine walinyolewa hata nywele zikiwa hazijaota vizuri, ili tu wapate sababu ya kukaa kwenye lile benchi.

Na kaseti zenyewe, nani atazisahau? Zilikuwa za kijivu, za njano, nyingine nyekundu iliyopauka, karatasi zao za mbele zimechunika hata hakuna aliyejua majina yao ya kweli. Watu waliziita kwa mambo yaliyofanyika ndani: ya vifaru, ya pikipiki, ya yule mtu mfupi anayerukaruka. Ndungu alikuwa na yake moja aliyoinunua Nairobi, na kwa ajili ya hiyo moja alikuwa na heshima kubwa. Akiingia nayo mfukoni, aliyeshika pedi ya kuchezea alimpisha. Siku hizo gemu ilikuwa kitu. Ungeweza kuishika, kuiazima, kumnyima mtu, kuiuza, na hata kuificha chini ya godoro mkikosana.

Hiyo moja ya Ndungu ilikuwa ya Ndungu. Zile nyingine zililetwa na Mutunga, kaka yake Ndolo, aliyekuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Nairobi. Mutunga alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini isiyolingana na lori lake. Huko Mombasa alijua kibanda kimoja Mwembe Tayari ambako kaseti zilibadilishwa: unapeleka iliyokuchosha, unaongeza kitu kidogo, unapewa ambayo hujaicheza. Kwa hiyo kila alipopita Sultan Hamud alisimamisha lori, akaacha kaseti mpya, akachukua ya zamani. Alikaa kwenye benchi, akacheza kidogo injini ikipoa, akashindwa, akacheka, akaenda zake.

Nyumbani hakwenda. Nyumbani kwao ni Kasikeu, si mbali, barabara ya vumbi inayotoka hapo hapo mjini. Lakini Mutunga alikuwa hajaikanyaga barabara hiyo tangu mazishi ya baba yao, mwisho wa mwaka wa tisini na mbili, nchi nzima ikiwa kwenye kampeni. Lori lilikuwa limemfia Mariakani. Habari zilimpata zimechelewa, na alipofika nyumbani baba alikuwa ameshazikwa jana yake na watu wa kanisa walikuwa wanang'oa nguzo za turubai. Mama yao, Syombua, alikuwa ameketi kwenye mkeka kati ya wanawake. Alimwinulia macho mwanawe wa kwanza na kumuuliza, mbele ya watu wote, "Umekuja kufanya nini sasa?"

Mutunga aligeuka na kurudi barabarani na vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu vyake. Wanawake wakasema ni uchungu wa msiba uliozungumza, na ilikuwa kweli, lakini neno likishatoka halina wa kulirudisha kinywani. Mama aliona haya kumwita. Mwana aliona haya kurudi bila kuitwa. Kila mmoja alikaa na haya yake, na miaka ikaanza kupita.

Kiondo kilianza kama mchezo. Syombua alikuwa akija sokoni Sultan Hamud kuuza ndengu na mbaazi, na siku moja alipita dukani akamkuta Ndolo anafunga kaseti kwa gazeti, tayari kumpa Mutunga.

"Mchanga utaingia humo," mama alisema.

"Hautaingia, mwaitu," Ndolo alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Nimefunga vizuri."

"Utaingia." Alimwaga shilingi na leso kutoka kwenye kiondo chake kidogo, kile cha mkonge alichokisuka mwenyewe, akatia ndengu mpaka nusu, akailaza kaseti, akatia ndengu nyingine juu mpaka ikapotea. "Sasa vumbi litapitia wapi?"

Ndolo alicheka. Mutunga alipokuja na kupewa kile kiondo, hakucheka. Alikipima mkononi, akaangalia ukingo uliosukwa kwa uzi mweusi na wa kahawia, akauliza tu kama kaseti iko ndani. Ndolo akasema iko. Basi Mutunga akakipandisha kwenye lori, akakiweka kitini kando yake.

Kwa Wakamba, kama ilivyo kwa watu wengi, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa maziwa kwenye kibuyu, kibuyu kitarudi na kitu, hata kama ni kiganja cha chumvi. Mutunga alikuwa amelelewa vizuri. Safari iliyofuata kiondo kilirudi na kaseti mpya, na chini ya kaseti kulikuwa na mchele wa pwani. Syombua alipokuja sokoni alikipokea bila kuuliza mchele umetoka wapi. Mchele ule aliupika Jumapili baada ya ibada, akala polepole sana. Wiki iliyofuata alileta kiondo kikiwa na mbaazi na kuuliza, "Kaseti iko wapi niifunge?"

Ikawa hivyo. Ndengu zilishuka Mombasa, nazi zikapanda. Kunde zikashuka, sukari guru ikapanda. Mara moja, kiangazi kilipokuwa kikali na shamba halikutoa kitu, mama alizungushia kaseti majani ya mti yaliyokauka, na Mutunga akamletea mchele mara mbili ya kawaida. Hakuna aliyemtaja mwenzake. Ndolo alikuwa katikati kama mlango, watu wanapita na mlango haulizwi kitu. Aliona, lakini hakuwahi kulikalia jambo hilo na kulifikiria. Kichwa chake kilikuwa kwenye chenga za televisheni.

Chenga hizo ndizo zilizomleta Njogu.

Njogu alikuwa na duka la redio na saa upande wa juu wa mji. Kwao ni Murang'a, lakini alikuwa amekaa Sultan Hamud muda mrefu hata akajua ni nani anadaiwa ng'ombe na nani. Alipenda kuuza kitu ambacho yeye mwenyewe amekiamini. Siku hiyo alikuja kunyolewa, akakaa akimtazama Ndolo anapuliza, anafuta, anapuliza.

"Kijana wangu," alisema, "wewe ni kinyozi ama ni mtu wa kupuliza filimbi?"

Wanaume kwenye benchi wakacheka.

"Kuja kwangu kesho. Nimeletewa mashine. Hiyo hakuna kaseti. Gemu ziko ndani, zote, zimewekwa huko zilikotengenezwa. Unawasha tu, unachagua, unacheza. Hakuna vumbi, hakuna mate, hakuna mtu wa kukuibia kaseti, hakuna kungoja fulani atoke Mombasa."

"Na ukitaka gemu ingine mpya?" Ndungu aliuliza. Alikuwa na mkono mfukoni, juu ya kaseti yake.

"Gemu ingine ya nini? Ziko mamia."

"Lakini ukichoka na moja huwezi kuitoa ubadilishe."

"Kwani ukichoka na chumba kimoja kwako unang'oa ukuta?" Njogu alisema. "Unaenda chumba kingine."

Usiku ule, au tuseme jioni ile alipokuwa akifagia nywele, Ndolo alilipima jambo hilo pande zote. Kaseti ya vifaru ilikuwa inakufa. Ya pikipiki ilikuwa imeazimwa na mtu wa Emali na haikurudi. Mara nyingine Mutunga alipelekwa njia ya Malaba na duka likakaa majuma na gemu zile zile mpaka watu wakahamia kwa jirani kucheza drafti. Upande wa pili, kile kidogo alichokuwa nacho ni chake. Mashine ikifa, kaseti zinabaki. Kaseti moja ikifa, nyingine zinabaki. Hii mpya ikifa siku moja, imekufa na watu wake wote. Hilo lilimgusa. Kuhusu Mutunga, Ndolo alijiambia kwamba ndugu hasimamishi lori kwa sababu ya kipande cha plastiki. Atasimama tu. Kwa nini asisimame?

Asubuhi alimpelekea Njogu mashine ya zamani pamoja na kaseti zilizobaki, ziwe sehemu ya malipo, akarudi na mpya ndani ya boksi lake.

Na ilikuwa nzuri, hatutasema uongo. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, laini pande zote. Uliiwasha na orodha ikajitokeza papo hapo, ndefu hata macho yalichoka kabla haijaisha. Benchi likajaa. Madereva waliokuwa wakisimama upande wa juu wa mji wakaanza kusimama kwa Ndolo. Alinyoa vichwa mpaka mkono ukafa ganzi, na kwa mara ya kwanza tangu afungue duka hakupuliza kitu chochote. Baada ya siku kadhaa watu waligundua kwamba gemu nyingi kati ya zile mamia zilikuwa zile zile zilizopewa majina tofauti, vifaru leo vya bluu, kesho vya njano. Walimtania Njogu kidogo, Njogu naye akasema hata nyinyi mko wengi na sura ni moja. Hakuna aliyekasirika.

Ndungu peke yake ndiye aliyepoteza cheo. Alikuja na kaseti yake mfukoni kwa mazoea, akaitoa, akaitazama mashine, akairudisha mfukoni. Alikaa mwisho wa benchi kungoja zamu yake kama watu wengine. Ndolo alimwonea huruma, lakini huruma ile haikudumu kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Siku ya soko Syombua alifika na kiondo kimejaa ndengu mpya, za kijani hasa, zilizopepetwa zikabaki bila jani. Alisalimia watu, "Bwana asifiwe," wakaitika. Akaketi kwenye kiti alichopishwa, akafungua kiondo mapajani, akachimba shimo katikati ya ndengu kwa vidole.

"Lete kaseti," alisema.

Ndolo alikuwa akilingoja neno hilo kwa furaha. "Mwaitu, siku hizi hakuna kaseti. Tazama. Gemu ziko ndani ya hii yote. Hakuna kufunga tena, hakuna vumbi. Umepumzika."

Mama aliitazama mashine. Aliinuka, akaigusa kwa kidole, akaizungusha kidogo kwenye rafu akitafuta kitu, mbele, nyuma, kando.

"Na Mutunga anapeleka nini Mombasa?"

Si swali lililomshtua Ndolo. Lilikuwa jina. Tangu mazishi hakuwa amemsikia mama akilitaja jina la Mutunga, na sasa alikuwa amelitaja katikati ya duka, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida.

"Hapeleki kitu," alisema polepole. "Lakini mwaitu, si utume tu kiondo? Mimi nitampa."

"Nimtumie kama nini?"

"Kama ndengu."

"Sijawahi kumtumia Mutunga ndengu," mama alisema. "Nilikuwa nafunga kaseti. Nikituma ndengu leo, atauliza ni za nini. Nitamwambia ni za nini, Ndolo? Nilimfukuza mtoto wangu kaburini kwa baba yake. Mtu anatuma ndengu kwa sababu hiyo?"

Wanaume kwenye benchi walikuwa wanaangalia televisheni kwa bidii kubwa. Syombua alilifukia lile shimo kwa kiganja, akasawazisha ndengu juu mpaka zikalingana. Kisha akatoka, na Ndolo alimwona kupitia mlangoni akikaa mahali pake sokoni, anapimia watu kwa kopo zile ndengu alizokuwa amezichagua moja moja, mpaka kiondo kikawa kitupu.

Ndolo alinyoa vibaya siku hiyo. Alimkata mteja mmoja nyuma ya sikio na hakujua mpaka alipoambiwa. Alikuwa akihesabu mambo upya: mara ambazo Mutunga alikaa kwenye benchi akijifanya anatazama gemu huku ameweka mkono juu ya kiondo, mara ambazo mama alimuuliza kama kaseti ilifika salama, na Ndolo, mjinga, akamweleza habari za kaseti. Alikimbia kwa Njogu kabla ya duka kufungwa. Njogu akamwambia mashine ya zamani iliondoka na mtu wa Kibwezi siku ile ile, na kaseti zake.

"Lakini ile mpya ina shida gani?" Njogu aliuliza, naye alikuwa na wasiwasi wa kweli. "Imekataa kuwaka?"

"Inawaka," Ndolo alisema. "Haina shida."

Mutunga alikuja wiki hiyo hiyo, mchana wa jua kali, akielekea Nairobi. Ndolo alimsikia kabla hajamwona. Ile injini aliijua. Ndungu ndiye aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mutunga aliingia akiinamisha kichwa mlangoni, kiondo mkononi. Kilikuwa kile kingine, maana siku hizo mama alikuwa amesuka viwili ili kimoja kiwe njiani daima. Kilikuwa kimejaa na kufungwa kwa kitambaa juu.

"Mwanaa-mwaitu," Mutunga alisema, ndivyo alivyomwita ndugu yake alipokuwa na furaha. "Leo nimekuletea kitu. Ni ya mpira. Watu kumi na mmoja kila upande, na refa. Nimemlilia yule mzee wa Mwembe Tayari mpaka akaitoa."

Alifungua kitambaa, akapenyeza mkono ndani ya mchele, akaitoa kaseti nyeusi, karatasi yake haijachunika hata kidogo. Akaipangusa kwenye shati na kwenda kwenye rafu. Hapo akasimama. Aliinamisha mashine, akaitazama chini yake, akaipindua.

"Mdomo wake uko wapi?"

"Haina," Ndolo alisema.

"Haina mdomo?"

"Gemu ziko ndani. Nilinunua kwa Njogu. Ile ingine nimeitoa, na kaseti."

Mutunga aliirudisha mashine mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa mtu asiyemfahamu. Alikaa kwenye benchi. Alimpa mtu aliyekuwa kando yake ile kaseti aitazame, na mtu yule akaigeuza, akasema ni nzuri, akamrudishia. Mutunga akashika pedi, akachagua gemu, akacheza kidogo.

"Ni safi," alisema. "Picha imetulia. Na hakuna kusumbuana." Akaweka pedi chini. "Basi ni sawa. Mimi hata nilikuwa nataka kukuambia, hii safari nimeanza kuipitia usiku. Mchana joto ni mingi, tairi zinaumia. Kwa hivyo sitakuwa nasimama sana."

"Ni sawa," Ndolo alisema, na alijichukia.

"Chukua hii, umpatie mwenyewe." Mutunga alimnyoshea kiondo. Mchele ulikuwa umepungua pale kaseti ilipotoka, na shimo lilikuwa bado wazi.

Tangu utotoni Ndolo ndiye aliyetumwa. Baba alimtuma kwa mama, mama kwa Mutunga, Mutunga kwa mama, naye alikwenda na kurudi bila kuuliza, na watu wakamsifu kwa tabia hiyo. Mkono wake ulishanyoshwa, vidole viko karibu na mkanda wa kiondo, alipouona ule ukingo wa nyuzi nyeusi na za kahawia. Akaurudisha mkono kwenye mfuko wa koti.

"Sichukui," alisema.

"Unasema?"

"Hicho si changu. Na huo mchele si wangu. Mimi nilikuwa wa kaseti, na kaseti zimeisha." Alikuwa ameshaanza, akaendelea. "Wewe unajua nani alikuwa anafunga. Mimi sijawahi kulima ndengu maisha yangu, Mutunga, na hujawahi kuniuliza zinatoka wapi."

Mutunga aliangalia sakafu, kwenye nywele za watu wengi.

"Nilijua tangu ile safari ya kwanza," alisema. "Zile ndengu nilizila njiani mbichi, nikiendesha. Mpaka Mtito."

Hakuna aliyeshika pedi. Wimbo mfupi ulizunguka peke yake kwenye televisheni mpaka Ndungu, kutoka kitini, akanyoosha mguu na kuisukuma swichi ya ukutani.

"Alisema nini?" Mutunga aliuliza. "Ulipomwambia kaseti hakuna."

Ndolo alifikiria yale yote aliyoyasema mama, na aibu iliyokuwa ndani yake, na akaona hayo si ya kubebwa na mtu mwingine. "Aliuliza wewe unapeleka nini Mombasa. Alikutaja jina."

Mutunga aliinuka. Alichukua kiondo, akasawazisha mchele kwa kiganja mpaka shimo likafa, akafunga kitambaa, fundo la kwanza, fundo la pili. Kaseti ya mpira alimtupia Ndungu kwenye mapaja, na Ndungu akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje na kupanda kwenye lori. Ndolo alimfuata mpaka mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi, waya umevutika hadi mwisho wake.

Lori liliwaka. Lilisimama pale likitetemeka, uso wake umeelekea Nairobi. Mutunga akatoa kichwa dirishani.

"Ule mto wa Kasikeu," aliuliza, "walijenga daraja?"

"Walileta mawe tu. Lori haipiti, itazama kwa mchanga. Unaiacha huku ng'ambo, unavuka na miguu."

"Na Simba? Bado yuko?"

"Simba alikufa. Mbwa wa saa hii ni wengine, hawakujui. Ukifika usiingie tu. Simama kwa mlango wa boma, uite."

"Niite nikisema nani?"

"Sema jina lako."

Mutunga alitazama mbele. Midomo yake ilisogea bila sauti, mara moja, kisha tena, kama anayejaribu neno la kigeni. Taa ya pembeni ya lori, upande wa barabara ya vumbi ya Kasikeu, ikaanza kuwaka na kuzima, na gari dogo lililokuwa nyuma likapiga honi, likampita.

"Ndolo," Ndungu aliita kutoka kitini, akishika upande wa kichwa ambao haujanyolewa. "Tunaendelea?"

"Ngoja kidogo," Ndolo alisema, bila kugeuka.